Kabla ya kushuka Muze, nani afungue usukani?

Asubuhi ya Juni mjini Sumbawanga haina haraka. Mji umekaa juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na miezi hii ya kipupwe humfanya mgeni kutoka Dar es Salaam atembee na sweta hata saa nne asubuhi. Watoto walio likizo hujipanga ukutani kuota jua. Wenye magari huyaacha yakinguruma kwanza nje ya nyumba ili injini zipate moto.

Katika asubuhi kama hiyo, familia moja ya mjini, baba, mama na watoto wawili, ilikuwa inapakia gari lao dogo la Kijapani kwenda Muze kumsalimia bibi. Kulikuwa na gunia la viazi mviringo, ndoo ya maharage mapya na vitenge viwili. Kulikuwa pia na masweta, ingawa kila mtu alijua yatavuliwa njiani. Muze iko chini, katika Bonde la Ziwa Rukwa, na huko hakuna baridi ya kuongelea.

Baba alipozungusha ufunguo, taa za dashibodi ziliwaka zote kama kawaida, kisha zikazimika moja baada ya nyingine. Moja ikabaki: taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyekaa, mbele ya kifua chake kuna kitu cha mviringo kama mpira. Alibonyeza honi kumuaga jirani. Kimya. Akabonyeza tena kwa kiganja kizima. Kimya.

"Twende tu, honi si breki," alisema.

Mkewe hakupanda. "Honi si breki mjini. Kule kwenye kona je?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Anayeijua Ufipa kwa kupita tu, kwa basi kutoka Tunduma, anaweza kudhani mkoa mzima ni tambarare yenye nyasi na upepo. Ile lami ya zaidi ya kilomita 220 kati ya Tunduma na Sumbawanga, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za Marekani chini ya mkataba wa maendeleo uliosainiwa mwaka 2008, inapita juu ya mgongo wa nchi. Unaona mbali. Gari linalokuja unaliona dakika nzima kabla halijakufikia. Lakini Ufipa ni kama meza iliyowekwa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na meza hiyo ina kingo. Ukifika ukingoni, nchi inakatika. Kutoka kwenye nyanda za juu hadi kwenye maji ya Ziwa Rukwa ni mteremko wa karibu mita 1,000, na barabara inayotoka Ntendo kwenda Muze inaushuka kwa kona.

Kwenye kona za namna hiyo, honi ni lugha. Dereva anayeshuka anapiga mara moja kabla ya kuingia kona, anayepanda anajibu, na wote wawili wanajua nani asogee. Mwezi Juni kuna jambo la ziada, nalo ni mavuno. Barabara ni ya mikokoteni ya ng'ombe iliyojaa mahindi, ya baiskeli zenye magunia, ya wachungaji na mifugo yao, na ya watoto waliotumwa kisimani. Ng'ombe wa mkokoteni hasomi alama za barabarani, lakini honi anaisikia.

Baba alizima gari. Akatoa simu na kuanza kutafuta video.

Hapa ndipo wanaume wengi wenye gari, na wanawake pia, wanapofanana. Simu imejaa watu wanaofungua usukani kwa dakika saba, wanaunganisha waya, wanabonyeza honi, wanacheka. Gereji nzuri ya umeme wa magari si kila mtaa inapatikana, na kipuri kikikosekana Sumbawanga lazima kiagizwe Mbeya, zaidi ya kilomita 300, au Dar es Salaam, zaidi ya 1,100, kisha kisubiriwe stendi kwenye basi. Kwa hiyo wazo la kujitengenezea si ujeuri wala ubahili. Ni hesabu ya kawaida ya mtu anayeishi mbali na maduka. Baba huyu alikuwa ameshabadilisha mwenyewe taa za mbele, plagi na hata bomba la maji la injini. Bisibisi alikuwa nazo. Kilichobaki kujua ni kama kazi hii ni ya aina ileile.

Alianza vizuri, na mzazi yeyote anaweza kumwiga hadi hapo alipofika. Alifungua boksi la fyuzi. Mfuniko wake ulikuwa na maandishi ya Kijapani, kama ilivyo kwa magari mengi yaliyotumika yanayoletwa nchini, lakini alama ndogo ya tarumbeta haihitaji mkalimani. Akaitoa fyuzi ya honi na kuitazama kwenye jua: uzi wake ulikuwa mzima. Kisha akamwita binti yake wa miaka tisa aketi kwenye kiti cha dereva na kubonyeza honi, huku yeye akitega sikio kwenye boksi. Rilei ya honi, kile kidude cha mraba kinachopokea amri kutoka usukanini na kupeleka umeme mwingi kwenye honi, hulia "ta" ndogo kila amri inapofika. Ikilia "ta" na honi haipigi, tatizo liko mbele: honi yenyewe imejaa tope nyuma ya grili, au waya wake umeshika kutu. Hilo unaweza kulishughulikia mwenyewe bila hofu. Isipolia, na fyuzi ni nzima, jaribu kuibadilisha rilei hiyo na nyingine yenye namba ileile. Ikiendelea kunyamaza, basi inawezekana amri haitoki usukanini.

Haikulia. Alibadilisha rilei, bado haikulia.

Ndipo binti, ambaye alikuwa ameanza kuchoka na kazi ya kubonyeza, akaanza kuuchezea usukani kushoto na kulia. Honi ikalia. Jirani akageuka. Akaunyoosha usukani, ikanyamaza. Akaupindisha tena kushoto, ikalia.

"Baba, inalia tukikata kona tu."

Watu husema jina Sumbawanga kwa Kifipa maana yake ni kutupa uchawi, na mji huu umechoka kutaniwa kwa hilo. Lakini hakuna kitu kinachowarudisha watu kwenye uchawi haraka kama hitilafu ya umeme wa gari inayokuja na kuondoka. Leo inawaka, kesho haiwaki. Mbele ya fundi gari ni zima, ukifika nyumbani limekufa. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ametoa maelezo bora kuliko hayo. Kitu kilichokatika kilikuwa kinagusana usukani ukiwa upande mmoja na kuachana ukinyooka.

Kitu hicho kina jina. Mafundi wengi hukiita kloki springi. Usukani unazunguka, lakini gari halizunguki nao. Sasa waya za honi, za vitufe vya redio na za mfuko wa hewa zitapitaje bila kujisokota na kukatika? Jibu ni utepe mwembamba wenye njia kadhaa za umeme ndani yake, uliokunjwa kama springi ya saa ndani ya kasha la plastiki nyuma ya usukani. Ukikata kona, utepe unajikunja, ukirudisha, unajikunjua. Baada ya miaka ya kona, vumbi na joto, utepe huchoka na kupasuka. Dalili zake ni kama zile zilizoonekana asubuhi ile: honi inayochagua upande, vitufe vya usukani visivyofanya kazi, na taa nyekundu ya mfuko wa hewa.

Mpaka hapo baba alikuwa na sababu ya kujivunia. Alikuwa amepata ugonjwa bila kulipa shilingi. Kosa lingekuwa kudhani kwamba anayejua ugonjwa anaweza pia kupasua.

Utepe umekaa nyuma ya usukani, na ili uufikie lazima utoe kile kifuniko cha katikati, chenye nembo ya gari. Kile si kifuniko. Ndani yake umekunjwa mfuko wa hewa, eabegi kwa lugha ya gereji, pamoja na kifyatulio chenye kemikali inayowaka. Gari likigonga, umeme kidogo unapita, kemikali inawaka, na mfuko unajaa kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Kasi hiyo ndiyo inayookoa uso wa dereva usigonge usukani. Kasi hiyohiyo, ikimkuta mtu ameinama na bisibisi mkononi, inaweza kumvunja mkono au kumpofusha. Na kifyatulio hakijui tofauti kati ya umeme wa ajali na umeme wa betri ndogo iliyo ndani ya mita ya fundi.

Dunia imeshapata somo kubwa kuhusu vitu hivi. Kampuni ya Kijapani ya Takata iliuza vifyatulio kwa watengenezaji wengi wa magari, kisha ikabainika kwamba kemikali yake huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, na badala ya kujaza mfuko tu, hulipua kasha la chuma na kurusha vipande ndani ya gari. Watu walikufa katika nchi mbalimbali, mamilioni ya magari yakaitwa kurudi kubadilishiwa, na mwaka 2017 kampuni hiyo ikaomba kinga ya mufilisi. Magari ya umri ule ndiyo hayo yanayonunuliwa leo kama yaliyotumika. Watengenezaji wengi wana kurasa za mtandaoni ambako mwenye gari anaandika namba ya chesisi na kuona kama gari lake liliitwa. Ni kazi ya dakika tano kwa simu, na ina faida kuliko video ya kufungua usukani.

Baba alikuwa amefika sehemu ile ya video ambapo mtu anaingiza bisibisi kwenye tundu la nyuma ya usukani. Mkewe, aliyekuwa anatazama begani kwake, aliuliza swali moja: "Huyu betri ameitoa saa ngapi?"

Walirudisha video nyuma. Hakuitoa.

Wakaenda kwa fundi. Hapa pia kuna la kusema, kwa sababu "mpeleke kwa fundi" ni ushauri wa nusu. Katika gereji ya kwanza waliyofika, kijana mchangamfu alisikiliza nusu ya maelezo, akasema ni kazi ndogo, akachukua testa yake ya taa na kuanza kutafuta waya usukanini huku ufunguo ukiwa umewashwa. Safari hii baba ndiye aliyemzuia.

"Samahani kijana, betri hujaitoa."

"Aah, mzee, hii nimefanya nyingi tu."

Labda ni kweli alikuwa amefanya nyingi. Walimshukuru na kuondoka, bila ugomvi. Mzazi asiyejua umeme wa magari bado anaweza kumpima fundi kwa mambo machache ya kuonekana kwa macho. Fundi anayejua kazi hii huzima gari, hutoa waya wa hasi wa betri, kisha hukaa. Husubiri, kwa sababu mfumo wa mfuko wa hewa hubaki na akiba ya umeme hata betri ikiwa imetolewa. Watengenezaji hutaja muda wao, wengine sekunde 90, wengine dakika kadhaa, na mafundi waangalifu huongeza juu yake. Plagi za rangi ya njano, ambazo kwa kawaida ndizo za mfuko wa hewa, hachomeki testa wala mita. Mfuko ukishatolewa, anauweka mahali pa peke yake, uso wenye nembo ukitazama juu, ili ukifyatuka kwa bahati mbaya usirushe kasha zima kama kombora. Na haubebi huku ameukumbatia kifuani.

Ufipa ina historia yake ya kazi za hatari zilizohitaji mtu anayejua. Hadi karne ya 20, Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, ilungu kwa jina lake, malungu yakiwa mengi, yaliyompita mtu kwa kimo na kuvuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, kabla ya kufika kwa mfua majembe. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, amechunguza mabaki ya kazi hiyo. Wakulima wa Ufipa walikuwa watu wa kujifanyia mambo yao wenyewe, lakini tanuru lilikuwa na mtaalamu wake, na wengine walileta udongo na kuni.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watoto walimpa shikamoo, akaitikia, akamwomba binti aonyeshe jinsi honi inavyolia. Akacheka. "Huyu ameshamaliza kazi yangu." Akaunganisha mashine ya kupimia kwenye plagi iliyo chini ya dashibodi, na mashine ikasema walilolitarajia: njia ya umeme ya mfuko wa hewa wa dereva imekatika. Kipuri hakuwa nacho. Cha kufanana na gari lile kingetoka Mbeya, siku tatu au nne.

Sasa familia ilikuwa na uamuzi mwingine, mgumu kuliko ule wa kwanza. Bibi alishaambiwa wanakuja. Likizo haikuwa ndefu. Wangeweza kusubiri kipuri, au kwenda kwa gari la abiria, au kushuka na gari lao lilivyo.

Fundi aliwapa njia ya katikati, inayojulikana na kila dereva wa Tanzania aliyewahi kununua gari kuukuu: swichi ya kubonyeza, inayofungwa pembeni ya dashibodi na kuunganishwa moja kwa moja kwenye rilei ya honi. Haigusi usukani, haigusi waya wa njano. Kazi ya nusu saa. Hii ndiyo kazi ambayo baba angeweza kuifanya mwenyewe nyumbani, kama angekuwa na waya, swichi na fyuzi, na asingehatarisha jicho la mtu.

Lakini fundi hakuwaficha upungufu wake. Kwanza, mkono lazima uache usukani kutafuta swichi, tena kwenye kona, mahali pale unapouhitaji zaidi. Pili, honi kurudi hakumaanishi mfuko wa hewa umerudi. Taa nyekundu ikibaki imewaka, chukulia kwamba siku ya ajali mfuko hautafunguka.

Baba alitazama taa. "Hii si unaweza kuizima?"

Fundi alivua miwani. Kuizima ni rahisi, alisema, na wapo wanaofanya hivyo: wengine huondoa taa, wengine hufunga kizuizi cha umeme kinachoidanganya kompyuta ya gari ili ione mfuko upo. Ndiyo maana anayenunua gari lililotumika anapaswa kuitazama taa hiyo anapowasha ufunguo. Ikiwaka sekunde chache na kuzimika, vizuri. Ikibaki imewaka, kuna kasoro. Isipowaka kabisa, jiulize nani aliinyamazisha, na kwa nini.

"Mimi siizimi," alisema.

Mama ndiye aliyefanya hesabu. Gari la abiria lingejaza watu kupita kiasi, na mtoto wa miaka minne angekaa mapajani bila mkanda, mbele, kama wanavyokaa watoto wengi wa Tanzania kila siku. Gari lao halikuwa na mfuko wa hewa unaofanya kazi, lakini lilikuwa na mikanda minne mizima, breki zilizobadilishwa mwezi uliopita, na sasa swichi ya honi. Magari mengi yanayoshuka Muze hayajawahi kuwa na mfuko wa hewa tangu yatengenezwe. Kinachomtetea abiria kwanza ni mkanda na mwendo. Mfuko unasaidia juu ya hayo.

"Tunashuka mchana, polepole, na watoto wote nyuma," alisema.

Hilo la watoto nyuma lingefaa hata kama taa isingewaka. Mfuko wa hewa umepimwa kwa mwili wa mtu mzima. Mtoto mdogo aliyekaa mbele, na hasa aliyepakatwa, anakuwa kati ya mfuko na aliyempakata. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi. Hata dereva mwenyewe anashauriwa kuacha walau sentimita 25 kati ya kifua na usukani. Ile tabia ya baba kumpakata mtoto akiendesha uani ili "ajifunze" inaonekana ya upendo kwenye picha, lakini mtoto yule ameegemea baruti.

Waliondoka saa tano, jua likiwa limeshapasha moto barabara. Safu ya Mbizi, ambayo msitu wake bado una mbega wekundu, ilikuwa imesimama upande wa mashariki. Ntendo waliacha barabara kuu ya kwenda Namanyere na Mpanda. Kwa muda nchi ilikuwa ileile ya Ufipa, mashamba yaliyovunwa, mabua, nyumba za matofali ya kuchoma. Halafu ukingo ukafika.

Anayeushuka ukingo huo kwa mara ya kwanza hutaka kusimama, na inafaa asimame, mahali palipo na nafasi. Chini, bonde linatandazwa mpaka macho yanachoka, na ng'ambo ya mashamba ya mpunga kuna mstari wa kijivu ambao si anga wala ardhi. Ni Ziwa Rukwa. Ziwa hili halina mto wa kulitoa maji yake, kwa hiyo hupanuka na kunywea kufuatana na mvua za miaka. Mtoto wa miaka minne aliuliza kama ndiyo bahari. Dada yake akamwambia bahari iko upande mwingine, nyuma ya Mbeya, jambo ambalo si uongo.

Baba aliweka gia nzito ili injini ishike gari, breki zisichemke. Kabla ya kila kona mkono wake wa kushoto ulitoka usukanini na kutafuta swichi, na kila mara mkewe alikuwa ameshaifikia kabla yake. Kwa kona mbili walipapasana vidole. Ya tatu wakakubaliana kwamba honi ni ya mama. Alibonyeza, wakasikiliza. Kwenye kona moja jibu lilitoka chini, honi nzito ya lori, na baba akasimama kabisa pembeni mpaka lori la magunia likapita kwa kunguruma, dereva akiinua mkono. Kwenye nyingine hakukuwa na jibu, lakini walipokunja walikuta mkokoteni, ng'ombe wawili na mvulana aliyekuwa ameshaanza kuwavuta kando.

Masweta yalivuliwa kabla ya kufika chini. Bibi alishangaa kwamba wamechelewa, akaambiwa habari ya honi, akauliza kama waliwahi kumwona mtu. Wakasema ndiyo, fundi. Akaridhika.

Kipuri kilifika kwa basi siku mbili baada ya wao kurudi mjini. Kilikuwa kipya, kwenye boksi. Muuzaji alikuwa amependekeza kilichotumika kwa bei ndogo, na kwa utepe pengine mtu anaweza kubahatisha, ingawa utepe wa miaka 15 una uchovu wa miaka 15. Mfuko wa hewa uliotumika ni jambo jingine, usinunue kabisa, kwa sababu hakuna anayeweza kukuonyesha umepitia nini.

Baba aliomba ruhusa ya kutazama. Fundi alinyoosha magurudumu ya mbele, akatoa waya wa betri, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa na kuagiza chai. Walikunywa chai yote. Ndipo akafungua, akaupeleka mfuko kwenye meza ya peke yake na kuulaza uso juu. Kabla ya kuvuta usukani, alichora alama ya rangi kwenye shafti na kwenye usukani, ili urudi palepale ulipokuwa. Utepe wa zamani, alipoufungua kuwaonyesha, ulikuwa umepasuka karibu na mwisho wake, mpasuko mwembamba kama wa karatasi ya pipi.

Kipya kilikuja kimeshikiliwa na kipande cha plastiki. Baba alinyoosha mkono kukitoa, akidhani ni cha ufungashaji, na fundi akamshika kifundo. Plastiki ile ndiyo inayoshikilia utepe katikati, ili uwe na mizunguko sawa kushoto na kulia. Ukitolewa mapema na utepe ukajizungusha, gari litakwenda vizuri mpaka siku utakapokata kona kali ya kwanza, na utepe mpya utakatika. Kwa mtu wa Muze, kona hiyo isingekuwa mbali. Kwenye video ya dakika saba, sehemu hii ilikuwa imekatwa.

Nati ya usukani ilikazwa kwa spana yenye kipimo, si kwa nguvu za mkono. Betri ikarudishwa. Saa ya gari ikaanza upya kutoka saa moja, na redio ikadai namba ya siri kwa Kijapani, ambayo hakuna mtu Sumbawanga aliyekuwa nayo. Mashine ikafuta kumbukumbu ya kasoro. Ufunguo ukazungushwa, taa nyekundu ikawaka, wakahesabu, ikazimika.

Fundi alimwita binti aje abonyeze. Alibonyeza usukani ukiwa kushoto, kulia, kisha katikati. Ikalia kote.

"Ile swichi ya pembeni niitoe?" fundi aliuliza.

Mama alisema iachwe.